Chapati ya Mjerumani, baklava ya Mturuki, korosho ya Newala

Msimu wa korosho ukianza, kuanzia Oktoba hivi, huku kwetu Mtwara mazungumzo yote ni mnada. Bei imefika ngapi, chama kikuu kipi kimeuza, malipo yanaingia lini. Ni mazungumzo ya haki, maana ada za shule na mabati ya nyumba yanatoka humo. Ila linaniuma jambo moja: korosho tunaijua ya ghalani kuliko ya jikoni. Sehemu kubwa ya korosho ya Tanzania inaondoka ikiwa ghafi, ndani ya ganda lake, inaenda kubanguliwa India na Vietnam. Inayobaki tunaitafuna kwa chai, au tunamfungia mgeni anayerudi Dar. India wenzetu wanaisaga, wanaipika na sukari mpaka inakuwa kaju katli, wanakula sikukuu ya Diwali. Sisi tulioilima tumeridhika na kuitia chumvi.

Mimi nataka korosho ikae katikati ya sahani ya tamutamu. Katika yote niliyojaribu, hakuna iliyonikolea kwa ladha kama hii: chapati ya Kijerumani ya kuoka, inayojazwa korosho kwa namna ya baklava.

Nieleze, kwa sababu wengine mnajua kimoja na hamjui kingine. Baklava ni tabaka juu ya tabaka za karatasi nyembamba za unga, zile ziitwazo filo, zilizopakwa siagi iliyosafishwa, katikati kuna kokwa za mafuta, mfano wa korosho, zilizokatwakatwa, juu inamwagiwa shira. Waturuki wanaipenda na pistachio au walnati, Wagiriki wanatia walnati na mdalasini na mara nyingi asali. Chapati ya Kijerumani ni unga wa ngano, mayai mengi, maziwa na chumvi kidogo. Haitiwi hamira wala baking powder. Wajerumani wenyewe kwa kawaida wanaikaanga kwenye kikaango na kuila na rojo la matofaa. Ile ya kuoka, inayofura na kupanda kingo kama bakuli, imepata umaarufu zaidi Marekani, na huko inaitwa kwa jina la Wajerumani mpaka leo.

Ukila baklava peke yake, kipande cha pili kinakuwa kazi. Sukari na mafuta vimebanana humo, na baada ya tonge mbili ulimi unataka maji. Chapati ya Kijerumani peke yake nayo imepooza. Ina harufu ya yai, ni laini, ina chumvi kwa mbali, na inaonekana kabisa kwamba inasubiri kitu. Zikutanishe, kila moja inapata ilichokosa. Yai linaikata ile sukari, na mkwaruzo wa korosho unaiamsha chapati. Wala kuoanisha yai na shira si jambo nililolizua mimi. Wagiriki wana galaktoboureko, ambayo ni maziwa, mayai na semolina vilivyopikwa vikashikana, vikafungwa ndani ya filo, vikaokwa na kumwagiwa shira. Na huko Ujerumani majirani hawa wameshaishi pamoja muda mrefu. Oktoba 1961 Ujerumani Magharibi iliwekeana mkataba na Uturuki wa kupeleka wafanyakazi, wakaja kwa maelfu, wakaleta familia, wakafungua maduka ya vyakula. Leo mtoto wa Berlin anakula chapati ya mayai nyumbani kwao na baklava ya dukani jirani, siku hiyo hiyo.

Ninachoambiwa mara nyingi ni kwamba hivi ni vyakula vya Wazungu na Waarabu, sisi vinatuhusu nini. Na mtu wa kusini ukimtajia Mjerumani, haraka anakumbuka Boma la Mikindani lililojengwa 1895, au anakumbuka Maji Maji, vita iliyowashwa 1905 kwenye vilima vya Wamatumbi, huko Kilwa mkoani Lindi, na njaa iliyofuata. Kumbukumbu hiyo ni halali na simwambii mtu aisahau. Lakini tazama tunachopika wenyewe. Chapati za maji unazomkaangia mtoto asubuhi ni unga, yai, maji au maziwa, na chumvi. Tofauti yake na ya Kijerumani ni wingi wa mayai na moto. Kaimati za futari, zile tunazozigaragaza kwenye shira ya iliki, ni ndugu wa damu wa lokma za Waturuki na loukoumades za Wagiriki. Bahari ilishatuunganisha na vyakula hivi kabla ya boma lolote kujengwa, na mwanamke wa Mikindani anayejua kupika kaimati na chapati za maji ameshajua robo tatu ya kazi ninayoisemea hapa.

Sasa jikoni. Mayai 3, unga nusu kikombe, maziwa nusu kikombe, chumvi ya kubana kwa vidole viwili. Piga mayai kwanza mpaka yachanganyike kabisa, tia maziwa, kisha unga kidogo kidogo, ukoroge mpaka rojo liwe jepesi lisilo na mabonge. Liache lipumzike nusu saa. Sukari usitie hata chembe. Nitarudi kwenye hilo.

Mwenye oveni aiwashe nyuzi 220, aweke kikaango cha chuma ndani kipate moto pamoja nayo. Asiye na oveni, yaani wengi wetu, atumie ule ule utaratibu wa mkate wa kumimina: sufuria nzito kwenye jiko la mkaa, mfuniko bapa wa bati, mkaa uliokolea juu yake. Siri ni sufuria kutangulia kupata moto, chini na juu, kabla rojo halijaingia. Tia samli vijiko 2. Samli ikishayeyuka na kuacha kutoa povu, mimina rojo lote kwa mkupuo mmoja katikati, funika, palia mkaa juu, na usifunue. Chini upunguze mkaa kidogo, juu uuzidishe.

Kinachotokea mle ndani kinanifurahisha kila mara. Maji yaliyomo kwenye maziwa na mayai yanakutana na chuma cha moto, yanageuka mvuke kwa ghafla, na mvuke unatafuta pa kutokea. Kuta za yai na unga zinashikana kabla haujatoroka wote, kwa hiyo rojo linasukumwa juu, kingo zinapanda ukuta wa sufuria, zinajikunja, zinakuwa rangi ya dhahabu iliyoiva. Dakika 20 hivi, ukifunua unakutana na kitu kilichovimba ovyo, kimoja kilima huku kingine huko, na harufu ya samli na yai inajaa ukumbini. Halafu kinanywea mbele ya macho yako. Hakijaharibika. Mvuke umetoka, katikati pamelala, kingo zimebaki zimesimama, na umepewa bakuli la kuliwa. Bakuli hilo ndilo makazi ya korosho.

Na hapa ndipo ninapotaka wenzangu wa Mtwara na Lindi wanisikilize kwa makini. Msinunue korosho nzima kwa pishi hili. Korosho iliyobanguliwa inapangwa kwa madaraja, na nzima ndizo zenye heshima: W240, W320, namba ikimaanisha ni punje ngapi zinaingia kwenye ratili moja, kwa hiyo namba ikiwa ndogo punje ni kubwa na bei ni kali. Punje ikipasuka wakati wa kubangua, daraja linashuka, na bei inashuka nayo, ingawa utamu ni ule ule. Wabanguaji wadogo wa Newala, Tandahimba na Masasi wanavijua vipande hivi vizuri, maana kila kinachovunjika ni hasara yao. Sasa baklava inataka nini? Inataka vipande! Mpishi wa Uturuki anachukua pistachio nzima, anaisaga. Mpishi wa Mtwara anauziwa korosho iliyokwisha kuvunjika, kwa bei ya chini, tayari kwa kazi. Sijui kiambato kingine ambacho kasoro yake sokoni ndiyo sifa yake jikoni kiasi hiki.

Mtu asiniambie kwamba baklava bila pistachio si baklava. Lebanoni korosho inatumika sana kwenye vitamutamu vya filo, na hakuna anayelalamika. Kwa ulimi wangu korosho inafaa kuliko walnati. Walnati ina ngozi yenye uchungu kidogo, ambao ukikutana na yai unabaki kooni. Korosho ni laini, ina utamu wake wa ndani, ina mafuta, inakaa vizuri na maziwa na mayai. Udhaifu wake ni kuungua upesi. Ikaange kavu kwa moto mdogo, usiiache peke yake, na ikishaanza kunukia iepue papo hapo, kwa sababu itaendelea kuiva na joto lake yenyewe.

Filo ya dukani huku ni adimu. Tumia manda za sambusa. Ni nene kuliko filo, kwa hiyo usijaribu kuzipanga tabaka kwa tabaka, zitakuwa ngumu. Zikate nyuzi nyembamba kama tambi, zichanganye na samli, zikaange au uzioke mpaka ziwe kavu na zivunjike ukizigusa. Changanya na korosho gramu 150, iliki iliyosagwa, mdalasini kidogo. Karafuu ukitaka, lakini punje moja tu iliyosagwa, ikizidi inatawala.

Shira: sukari kikombe 1, maji nusu kikombe, ichemke dakika 8 hadi 10, kisha kijiko 1 cha ndimu. Ndimu si ya ladha peke yake. Ukali wake unavunja sehemu ya sukari isiweze kurudi kuganda, ndiyo maana shira yenye ndimu haifanyi mchanga ikipoa. Pima kwa vidole viwili. Ikianza kuvuta uzi mwembamba, inatosha. Iache ipoe. Kanuni ya baklava ni moto kwa baridi: kilichookwa kikiwa cha moto, shira iwe imepoa, vyote viwili vikiwa vya moto vinalainika na kuwa uji.

Lundika korosho na manda kwenye bakuli la chapati, nyunyizia shira vijiko vitatu au vinne juu ya korosho, siyo juu ya chapati. Hapa sitaki mapatano. Chapati inayolowana shira inapoteza kila kilichoifanya iwepo. Vivyo hivyo kwa wanaotia sukari kwenye rojo, na wanaotia baking powder eti ipande zaidi. Inapanda kweli, lakini inakuwa keki, na keki ya shira tunayo tayari. Wanaopaka chokoleti juu wamefunika korosho ya watu waliohangaika nayo shambani mwaka mzima, na hilo siwezi kuliunga mkono.

Lindi wana la kuongeza. Ule ni mkoa wa ufuta, na ufuta uliokaangwa ukinyunyizwa juu mwishoni unaleta harufu ambayo korosho peke yake haina. Mabibo pia nimeyafikiria, maana kila msimu yanaoza chini ya mikorosho kwa wingi wa kutisha. Maji yake yana ukakasi unaokamata ulimi, lakini yakichujwa na kuchemshwa na sukari yanatoa shira yenye ukali wa kupendeza. Itahitaji mkono mwepesi. Tui la nazi mahali pa maziwa sikushauri kwa pishi hili: tui zito linalemea rojo na kingo hazipandi.

Mji wa Gaziantep, kusini mwa Uturuki, unalima pistachio. Hawakuishia kuuza magunia. Waliitia kwenye baklava yao miaka na miaka mpaka mtu akisema Gaziantep unaona baklava, na mwaka 2013 Umoja wa Ulaya ukalilinda jina la baklava hiyo, asilitumie mtu mwingine kiholela. Nilipolijua hilo niliiwaza Newala, na nilikaa nalo siku nyingi. Tuna zao ambalo dunia nzima inalitafuta, tuna kituo cha utafiti wa korosho hapo Naliendele, tuna wanawake wanaojua shira na samli tangu utotoni, na bado mgeni akifika Mtwara mjini akauliza kitamutamu cha hapa anaonyeshwa pakiti ya korosho za chumvi. Boma la Mikindani lenyewe lilikarabatiwa likawa hoteli. Wageni wanalala kwenye kuta za Wajerumani, na wangeweza kupewa hapo chapati ya asili ya Ujerumani iliyojaa korosho za hapa.

Ramadhani nimeiweka kwenye futari. Mama mkwe, ambaye hakubali kitu kipya kirahisi, alikula kimya, akauliza, "Mwanangu, hii chapati ya maji umeifanyaje ikasimama?" Nikamweleza habari ya sufuria kutangulia moto. Juma lililofuata aliniagiza nimletee vipande vya korosho nusu kilo, akazipika mwenyewe, akatia iliki mara mbili ya yangu. Yake ilikuwa nzuri.

Kwa mama lishe na wenye migahawa wanaofikiria kuiuza: okeni ndogo ndogo, sufuria ya upana wa sahani ya chai, ya mtu mmoja au wawili, kwa sababu haipendi kusubiri. Korosho na manda vinaweza kuandaliwa asubuhi na kukaa kwenye kopo lililofungwa vizuri siku kadhaa, shira vilevile. Rojo likorogwe mapema. Mteja akiagiza, ndipo sufuria inapashwa moto. Pembeni mpeni kahawa chungu au chai ya rangi isiyo na sukari. Soda hapana.