Jedwali Lisilo na Safu ya Mdomo

Kabla sijanunua hata samaki mmoja, nilikuwa nimekwisha kuandaa jedwali. Lilikuwa na safu ya joto la maji, safu ya pH, yaani kipimo cha asidi ya maji, safu ya ugumu wa maji, yaani wingi wa madini yaliyoyeyuka ndani yake, safu ya tabia, na safu iliyoonyesha kama samaki huogelea juu, katikati au chini ya tangi, kwa maana sikutaka wakazi wangu wagombanie ghorofa. Shemeji yangu, aliyekuwa akikaa kwetu wakati huo, alilisoma lote kwa makini, kisha akauliza mhuri utapigwa wapi.

Tangi lenyewe lilikaa wiki nyingi likiwa na maji, changarawe na mimea tu. Bakteria wanaogeuza amonia, ile sumu itokanayo na uchafu wa samaki, kuwa nitriti, pamoja na wale wanaoigeuza nitriti hiyo kuwa nitrati yenye madhara machache zaidi, hawaharakishwi na mtu, na kazi yao huweza kuchukua mwezi mzima au zaidi. Wageni walikuja, wakainama mbele ya kioo, wakatafuta, wakatafuta tena, na mwishowe, kwa adabu, wakasifu mawe.

Mimea nayo niliichagua kwa usaili. Valisneria niliipanda nyuma, ili majani yake marefu yafiche bomba la chujio. Ekinodorasi, yenye majani mapana, ilipewa nafasi ya katikati. Na anubia niliifunga kwa uzi juu ya kipande cha mti, kwa kuwa shina lake nene likifukiwa katika changarawe huoza. Samaki wa dhahabu alianguka katika hatua ya kwanza kabisa: hupenda maji ya baridi kuliko wenzake wa kitropiki, huchafua maji kupita kiasi, na akiona mmea laini huwa kama mbuzi aliyefungwa kando ya bustani. Baabu wenye milia nilikuwa nawapenda kwa sura, lakini wana sifa ya kudonoa mapezi ya wenzao, nami sikutaka kesi. Waliofaulu ni kundi la tetra wa neoni, koridorasi wa kuchakura chini, na samaki malaika wawili ambao miili yao wakati huo ilikuwa na ukubwa wa sarafu. Wote asili yao ni Amerika ya Kusini, wote huridhika na maji laini yenye asidi kidogo, na wote huishi vizuri katika nyuzi 25. Walilingana safu kwa safu. Karibu niliweke jedwali lile kwenye fremu.

Miezi ikapita kwa amani, kisha tetra wakaanza kupungua.

“Shemeji,” ndugu yule wa mke wangu aliniuliza asubuhi moja, “hawa wadogo wenye mstari wa buluu huenda likizo kwa zamu?”

Nilimjibu kwamba kuhesabu samaki wanaoogelea kwa kundi ni kazi ya wataalamu. Hata hivyo, alipoondoka, nilifungua chujio na kumkuta konokono mmoja ambaye alionekana kukerwa na ziara yangu. Nikalala kifudifudi nikamulika chini ya kabati, kwa kuwa samaki huweza kuruka nje ya tangi, nikapata kifungo cha shati. Usiku ule ule niliamka kufanya upelelezi, nikawasha tochi, na kuwakuta tetra wote waliosalia wamepauka, ule mng’ao wao wa buluu umekwisha kabisa. Nilitangaza mlipuko wa ugonjwa kwa sauti iliyoamsha nyumba nzima.

“Mume wangu,” mke wangu alisema kutoka mlangoni, “samaki wamelala. Na sisi tulikuwa tumelala.”

Alisema kweli, jambo ambalo sikulipenda: neoni hupoteza rangi gizani na kuirudisha mwanga unapokuja.

Mtuhumiwa nilimpata siku chache baadaye. Koridorasi walikuwa wamezunguka mabaki ya tetra mmoja, wakila bila aibu wala haraka. Niliwahukumu papo hapo na kuwahamishia katika tangi dogo la akiba. Ni kweli kwamba samaki hao husafisha kilichokufa na hawawindi kilicho hai, lakini mtu aliyekutwa eneo la tukio kinywa kimejaa hawezi kulalamika. Koridorasi wakiwa kifungoni, tetra waliendelea kupungua. Samaki malaika, kwa upande wao, walinenepa vizuri ajabu, wakawa wakubwa kama kiganja, nami niliwaonyesha wageni kama ushahidi wa ubora wa maji yangu.

Shemeji ndiye aliyefumbua fumbo, alfajiri, kabla taa ya tangi haijawaka.

“Shemeji, njoo uone safu uliyoisahau.”

Mkia mdogo, wenye wekundu wa neoni usio na shaka yoyote, ulikuwa umechungulia nje ya mdomo wa samaki malaika. Kisha haukuwepo. Nilimweleza kwa utulivu kwamba joto lililingana na pH ililingana. Akanijibu kwamba mlaji na chakula chake ni lazima walingane maji, vinginevyo mmoja wao atalala njaa.

Koridorasi waliachiwa huru mahali walipokuwa, tetra waliobaki wakahamia kwao, na tangi kubwa likawa mali ya wale malaika wawili, ambao mara moja walitaga mayai juu ya jani la ekinodorasi na kuushambulia mkono wangu kila nilipojaribu kusafisha kioo. Kulipokucha walikuwa wameyala mayai yale wenyewe, kama wafanyavyo wazazi wengi wachanga wa jamii hiyo. Hapo nilipumua: angalau hawakuwa na ubaguzi.

Tulipokwenda kuwatafutia wenzao wa kimo chao, muuzaji alitushauri tumchukue oska mmoja mdogo, mtulivu, mwenye madoa, akasisitiza kwamba huyo hakui sana. Jedwali langu lilisema hufika sentimita 30. Kabla sijalikunjua, shemeji alikuwa amekwisha kutoa rula mfukoni na kumwomba muuzaji amfumbue samaki mdomo.