Kahawa niliyokaanga kwa blowa ya tinti

Mimi kazi yangu ni kubandika tinti kwenye magari, kwahiyo blowa ya hewa moto naishika kutwa nzima, na kuna swali limenisumbua muda mrefu, hivi hewa inayolainisha plastiki ukiielekeza kwenye kahawa mbichi si itaikaanga? Shangazi aliniletea kilo moja kutoka Moshi. Basi Jumapili nikachukua blowa mpya kabisa, nikatoka uwani, nikamimina gramu 200 kwenye bakuli la chuma, nikawa napuliza huku nakoroga kwa mwiko.

Mwanzoni ni harufu ya majani makavu tu. Punje zikatoka kijani zikawa njano, halafu rangi ya udongo, makapi yakawa yanapeperuka mpaka kwenye kanga za jirani alizoanika (nilimwomba radhi), na kwenye dakika ya tisa hivi nikasikia pa! pa! Ule mlio ndo wenyewe. Punje mbichi ina maji asilimia 10 hadi 12, yakigeuka mvuke humo ndani inashindwa kuhimili, inapasuka, na hapo joto lake linakaribia nyuzi 200. Nikaongeza dakika moja na nusu, nikamwaga kwenye ungo nikapepeta chapchap, maana ukiziacha kwenye bakuli zinaendelea kuiva zenyewe. Kupima, zimebaki gramu 170.

Watu wanadhani moto ukiwa mkali zaidi ndo chakula kinaiva haraka, mi nakataa. Jamaa yangu wa kuchomelea vyuma alijaribu mshikaki kwa ule moto wa oksijeni na asetilini, unaopita nyuzi 3,000, nje ukawa mkaa na ndani damu mbichi! Joto linataka muda wa kupenya. Blowa unaisogeza, unaivuta, macho yako kwenye rangi na sikio kwenye mlio, na ndo maana naipenda.

Ila ya fundi simu usiazime, hata akuoneshe ameifuta vipi. Waya wanaochomelea mara nyingi una risasi (ile metali, si ya bunduki), na risasi ni sumu, sitaki hata ikae meza moja na chakula cha wanangu.

Kahawa yenyewe niliiacha usiku mmoja ile gesi inayobaki ndani ya punje itoke, asubuhi nikasaga. Tamu, ila ina uchungu kidogo mwishoni. Jumapili hii nashusha moto, nataka ule mlio uje dakika ya kumi na moja.