Filamu iliyosifiwa na dunia nzima inatudai nini?

Tangu 1952, kila baada ya miaka 10, jarida la Uingereza liitwalo Sight and Sound huwauliza wahakiki wa filamu wataje filamu 10 wanazoziona bora kuliko zote. Mwaka huo wa kwanza ilishinda Bicycle Thieves ya Vittorio De Sica, ambayo ilikuwa na umri wa miaka minne tu. Kuanzia 1962 hadi 2002, mara 5 mfululizo, kiti kikakaliwa na Citizen Kane ya Orson Welles. Mwaka 2012 Vertigo ya Alfred Hitchcock ikaing'oa. Mwaka 2022 ikaja Jeanne Dielman ya Chantal Akerman, filamu ya 1975 yenye urefu wa zaidi ya saa tatu, na sehemu kubwa ya saa hizo tunamtazama mwanamke mjane akifanya kazi za nyumbani.

Mara ya kwanza niliizima baada ya saa moja. Nilikuwa nimeketi nikiusubiri ukuu. Kila Jeanne alipomenya kiazi, alipokunja kitambaa, alipozima taa ya chumba anachotoka, nilijiuliza wahakiki wameona nini ambacho macho yangu hayakioni. Hilo ndilo shtaka zito kuliko yote dhidi ya filamu zenye majina makubwa, na sitaki kulipita mbiombio: sifa hufika kabla ya filamu yenyewe. Anayekutana na filamu asiyoijua huipokea kama mgeni aliyebisha hodi. Anayekutana na "filamu bora kuliko zote" huketi kama yuko kwenye chumba cha mtihani, na mara nyingi anayetahiniwa ni yeye. Akichoka, huona haya kusema. Akifurahi, hana hakika kama furaha ni yake au kaiazima.

Shtaka la pili ni kwamba orodha hizi hutungwa na watu, na watu hubadilika. Mwaka 2012 walipiga kura wahakiki 846. Mwaka 2022 walizidi 1,600, wakiwa wamealikwa kutoka sehemu nyingi zaidi za dunia. Matokeo yakageuka. Wapo waliolalamika kwa sauti, akiwemo Paul Schrader, mwandishi wa Taxi Driver, kwamba Jeanne Dielman haikupanda kwa nguvu zake bali kwa kubadilishwa kwa wapiga kura. Namwelewa, maana filamu haiongezeki ubora kwa sababu wamealikwa watu wengine kuisema. Ila hoja hiyo ina makali pande zote mbili. Kama jibu jipya ni zao la wapiga kura wapya, basi lile la zamani nalo lilikuwa zao la wapiga kura wa zamani, na utawala wa miaka 50 wa Citizen Kane haukushuka kutoka mbinguni. Katika 100 bora za 2022 zimo Touki Bouki ya Djibril Diop Mambéty na La Noire de... ya Ousmane Sembène, filamu mbili za Senegal ambazo ningependa kila mpenzi wa sinema azione. La Noire de... ya 1966 inamaliza kisa chake kwa takriban saa moja, na sijaona filamu nyingi za saa tatu zenye uzito ule.

Kwa hiyo orodha naichukulia kama shahidi. Shahidi husikilizwa, hata akiwa na upendeleo wake, lakini hukumu haitoi yeye.

Sasa upande wa utetezi, ambao ndio wangu. Filamu nyingi zilizodumu zimedumu kwa sababu kuna jambo moja zimelifanya kwa subira kuliko nyingine, na jambo hilo unaweza kulionyesha kwa kidole. Chukua 12 Angry Men ya Sidney Lumet, ya 1957. Raia 12 wamefungiwa chumbani waamue kama kijana amemuua baba yake. Kumi na mmoja wanasema ana hatia, mmoja anaomba wazungumze kwanza. Karibu filamu nzima haitoki ndani ya chumba hicho, na bado haikupi nafasi ya kuchoka. Mwanzoni kamera imewekwa juu ya usawa wa macho. Katikati inashuka hadi usawa wa macho. Mwishoni iko chini, dari linaonekana, na lenzi zimebadilishwa kidogo kidogo ili kuta zionekane zinawasogelea wale wanaume. Mtazamaji hahitaji kulijua hilo. Anahisi tu joto na kubanwa, kisha anajikuta anapima upya neno alilokuwa na uhakika nalo dakika 20 zilizopita. Anayeniuliza aanzie wapi kwenye filamu za zamani, jibu langu huwa hilo.

Bicycle Thieves naipendekeza kwa sababu nyingine kabisa. Antonio amekosa kazi kwa muda mrefu. Anaipata, lakini lazima awe na baiskeli, na mkewe anaweka rehani mashuka ya nyumbani ili waikomboe. Siku ya kwanza kazini inaibwa. Aliyemwigiza Antonio, Lamberto Maggiorani, alikuwa mfanyakazi wa kiwandani, si mwigizaji, na hilo unaliona kwenye mabega yake. Kuna pahali baba, akiwa amemchapa mwanawe kofi kwa hasira zisizomhusu, anamwingiza mgahawani wale vizuri japo mara moja. Mtoto anakula huku akimtupia jicho mtoto wa matajiri meza ya jirani. Hakuna anayehubiri juu ya umaskini. Shingo ya mtoto inageuka, basi, na aliyewahi kuwa mtoto mbele ya meza ya wenye nacho anajua yote.

Wapo wanaosema filamu hizi ni za polepole mno. Ni kweli, na nyingine ni za polepole kuliko hata Bicycle Thieves. Tokyo Story ya Yasujirō Ozu, ya 1953, imepigwa na kamera iliyowekwa chini, karibu na usawa wa mtu aliyeketi sakafuni, na mara chache mno inasogea. Wazee wawili wanasafiri kuwatembelea watoto wao mjini. Watoto si wabaya, wana shughuli. Wanawachangia wazazi pesa waende mapumzikoni baharini, na tunachokiona ni kwamba wanawaondoa njiani. Anayewapa muda wake ni Noriko, mjane wa mwana aliyekufa vitani, asiye damu yao. Kisa hiki kingeharakishwa kingekuwa kesi dhidi ya watoto. Kikisimuliwa kwa mwendo wa wazee wenyewe, hatupati wa kumlaumu, na ndiyo maana kinauma. Sidhani polepole ni fadhila yenyewe. Nimeona filamu zinazotembea taratibu kwa kukosa la kusema. Hapa mwendo ndio usemi.

Na Citizen Kane? Nimeiona mara tatu na bado hainigusi moyo. Welles alikuwa na miaka 25 alipoiongoza. Maisha ya tajiri mmoja anayasimulia kwa midomo ya watu waliomfahamu, kila mmoja na Kane wake, na mpiga picha Gregg Toland anaweka mtu wa mbele na mtu wa nyuma kabisa wote wakionekana dhahiri kwa wakati mmoja. Tatizo ni kwamba filamu nyingi zilizokuja baadaye zimejifunza kwake, hata mtazamaji wa leo anakutana na mbinu hizo akiwa amekwisha kuzizoea. Ninaiheshimu kuliko ninavyoipenda. Naona ni heri kusema hivyo kuliko kutikisa kichwa pamoja na wengine, na bado ningemwambia mtu aitazame, ila isiwe ya kwanza.

Tusisahau pia kwamba sifa hazitoki mlango mmoja. Vertigo ilipokewa kwa mchanganyiko wa maoni mwaka 1958. The Shawshank Redemption ya 1994 ilishindwa kuvuta watu kwenye majumba ya sinema, ikateuliwa kuwania tuzo 7 za Oscar na haikupata hata moja. Walioiinua ni watu wa kawaida, waliokodi kanda zake na kuiona ikirudiwa kwenye televisheni. Wahakiki wengi hawaiweki kwenye orodha zao. Mimi naona pande zote mbili zina haki: ina sentensi zinazojua mno kwamba zitanukuliwa, na ina urafiki wa wanaume wawili ambao nimeutafuta kwingine bila kuupata.

Jeanne Dielman niliirudia baada ya mwaka hivi. Safari hii niliiweka simu chumba kingine na sikusubiri chochote. Siku ya kwanza ya maisha yake ilipita, nikajua kila kitu kinakaa wapi jikoni kwake. Siku ya pili viazi vikapita kiwango motoni. Anainua sufuria, anakwenda nayo bafuni, anarudi nayo jikoni, hajui aiweke wapi. Mwanamke ambaye kila kitu chake kina mahali pake. Hakuna muziki, hakuna neno. Nikajikuta nimebana pumzi kwa ajili ya sufuria ya viazi.