Sekunde ishirini kwa kila mtoto

Kila shule zinapofungwa, Juni na Desemba, maneno ni yaleyale: walimu wa msingi wana raha, mchana wako nyumbani, mshahara unaingia mvua inyeshe isinyeshe. Wakisema kazi inawapa msongo wa mawazo, wanaambiwa wanadeka.

Maneno hayo yana ukweli ndani yake. Ajira ya serikali ina uhakika ambao mama lishe hana. Mzazi ambaye mtoto wake amefika darasa la nne hajui kusoma ana haki ya kuuliza. Walimu watoro wapo. Na msongo hauhalalishi fimbo za hasira. Kanuni za adhabu ya viboko za Tanzania za mwaka 2002 zimeweka ukomo wa viboko vinne, tena kwa idhini ya mwalimu mkuu.

Lakini tupige hesabu. Uwiano uliowekwa Tanzania ni mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45. Elimu bila malipo ilipoanza Januari 2016 watoto walifurika shuleni, jambo jema kabisa, ila walimu hawakuongezeka kwa kasi hiyo. Leo darasa la watoto 120 halimshangazi mtu. Kipindi ni dakika 40. Ukigawa, kila mtoto anapata sekunde 20, na hapo hujatoa muda wa kutuliza kelele. Daftari moja ukilisahihisha kwa dakika moja tu, 120 ni saa mbili. Hilo ni somo moja. Mwenye masomo matatu yenye zoezi siku hiyo ana saa sita za kalamu nyekundu, na andalio la somo la kesho bado.

Hesabu hii nimekua nayo. Mama alifundisha darasa la tatu, na madaftari yalikuja nyumbani kwenye kiroba cha unga. Usiku mmoja alitia alama ya vyema ukurasa mzima, kisha akagundua mtoto alikuwa amenakili maswali tu, hakuna hata jibu moja. Akachukua wembe, akakwangua ile alama taratibu karatasi isitoboke. Halafu akakaa akilitazama lile daftari, na kirobani yalikuwa yamebaki mengi. Aliyekuwa akimuumiza ni yule mtoto, kuliko hata wingi wa kazi: alijua anahitaji nini, na hakuwa na dakika za kumpa.

Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilipoueleza uchovu uliokithiri wa kazini, lilisema si ugonjwa, ni hali inayotokana na msongo sugu wa kazini usiodhibitiwa. Kwa hiyo semina za ushauri nasaha zinasaidia, sikatai, lakini zinamshughulikia mwalimu wakati kilichozidi ni madaftari. Mwalimu wa watoto 120 akiletewa mwenzake, zile saa mbili zinakuwa moja siku hiyohiyo.