Matofali 120 na shetani wa mpingo

Mjomba wangu ni fundi muashi, Dar es Salaam. Wiki iliyopita nilimtumia picha niliyopiga Tate Modern, jumba la sanaa hapa London: matofali 120 ya tanuri yamepangwa sakafuni kozi mbili, yaani safu juu ya safu, mstatili mtupu. Ni kazi ya msanii Mmarekani Carl Andre ya mwaka 1966. Alinijibu kwa ujumbe wa sauti: "Mpwa wangu, huo ni usanii, si sanaa."

Wasomaji wa Kiswahili mtamwelewa. Mtaani kwetu, mtu akikuahidi hela kisha akazima simu, amekufanyia usanii. Na sanaa, toka huko Uarabuni neno lilikotoka, ni ufundi, kazi ya mkono. Kwa hiyo Mswahili akiambiwa kitu ni sanaa, anatafuta mkono uko wapi, na asipouona anahisi anaibiwa. Swali hilo ni la haki. Hata Waingereza waliliuliza: Tate ilinunua matofali hayo mwaka 1972, na mwaka 1976 magazeti yakalipuka kwamba fedha za umma zimetupwa.

Mimi nasema ni sanaa, na sababu yangu nimeitoa Mwenge, kwa wachonga vinyago. Mtazameni shetani wa Kimakonde: jicho moja, mguu umeota shingoni, tumbo ni tundu. Hafanani na mtu yeyote. Mtindo huo si wa kale kama wengi wanavyodhani. Unahusishwa na Samaki Likankoa, miaka ya 1950, na husimuliwa kwamba ulianza pale kinyago chake kilipovunjika naye akakiona kimekuwa kitu kingine. Huo ni usasa, umezaliwa kwetu, na sijasikia mtu akisimama mbele ya shetani akadai aoneshwe pua iko wapi.

Kinachoniuma huku ugenini si matofali. Ni kuingia chumba cha vitu vya Afrika na kukuta mpingo umechongwa kwa ustadi wa kutisha, na kibandiko kinasema "Mmakonde", basi. Matofali yana jina la aliyeyapanga, kinyago kina jina la kabila. Mtu akiniambia Ulaya inajua sanaa kuliko sisi, hapo ndipo namkatalia. Ila na sisi nyumbani tuna deni. Vinyago tumevifanya vitu vya watalii, na sebule nyingi nilizokaa utotoni zilikuwa na maua ya plastiki.

Yupo anayenipa moyo. Lubaina Himid, aliyezaliwa Zanzibar mwaka 1954 na kukulia Uingereza, alipata tuzo ya Turner, tuzo kubwa ya sanaa ya Uingereza, mwaka 2017. Katika kazi yake moja ya mwaka 2004 kuna watu 100 waliokatwa kwenye mbao bapa na kupakwa rangi, watumwa Waafrika katika majumba ya wakubwa wa Ulaya, kila mmoja na jina lake la asili na jina alilobandikwa na bwana wake. Ukiuliza kama ni uchoraji au uchongaji utakwama. Ukiyasoma majina, hutauliza tena.

Nikikaa huku nakumbuka mzee mmoja wa Mwenge. Nilimuuliza kwa nini shetani wake ameinama upande. Akakigeuza kile kinyago, akanionesha mshipa wa mti: ulijikunja hivyo tangu porini, yeye aliufuata tu. Huku aliyefanya kazi hayupo wa kuulizwa. Kuna karatasi ukutani na mlinzi anayekuambia usiguse.

Nikampigia mjomba. Nikamweleza kwamba matofali yale hayana saruji katikati, yamekaa kwa uzito wake tu, na kwamba Andre alifanya kazi nane za namna hiyo, zote matofali 120, zote kozi mbili, kila moja kwa umbo lake. Akanyamaza. Kisha nikamsikia anahesabu: sitini kwa kozi, sita kwa kumi, tano kwa kumi na mbili, nne kwa kumi na tano, tatu kwa ishirini.

"Hizo ni nne," akasema. "Nyingine nne anazipataje? Au analigeuza tofali, mara kwa urefu, mara kwa upana?"

Nikamwambia ndivyo.

"Na siku wakiyahamisha, anayeyapanga upya ni nani?"

Mpaka leo tunabishana juu ya hilo.