Pareto na wajukuu wake wa maabara

Ukilishika ua la pareto, macho huvutwa na petali nyeupe, lakini dawa ya kuua wadudu imejificha kwenye vimbegu vya ule moyo wa njano. Nayo ni haba: kilo mia za maua makavu hutoa kilo moja au mbili tu. Wakemia huiita pairethrini, kundi la esta sita, yaani molekuli zinazozaliwa asidi inapoungana na alkoholi. Zikimwingia mdudu, vijilango vya kupitishia sodiamu kwenye neva zake hukwama wazi, naye huanguka akitetemeka.

Pairethrini haivumilii jua. Saa chache tu, imevunjikavunjika. Ndipo mwaka 1973 Michael Elliott na wenzake wa kituo cha utafiti wa kilimo cha Rothamsted, Uingereza, walipotangaza permethrini, mojawapo ya pairethroidi, yaani dawa zilizoundwa maabara kwa kuiga pairethrini, nayo ikahimili mwanga.

Kwa pairethroidi mimi ni mtetezi, tena bila kusita. Watoto wengi sana wa Afrika wako hai kwa sababu ya chandarua chenye dawa, na dawa hiyo imedumu kwenye nyuzi kwa sababu haivunjiki upesi. Anayesema turudi kwenye maua matupu hajakesha na mtoto mwenye degedege la malaria.

Ila kudumu huko huko ndiko kunakotuponza. Mkulima anabeba bomba mgongoni na kupiga nyanya zake dawa ya ukoo uleule wa chandarua, mara kwa mara. Mvua inasomba mabaki hadi kwenye madimbwi, viluwiluwi wa mbu walio wadhaifu wanakufa, sugu wanabaki kuzaa. Usugu umeenea kiasi kwamba huko Muleba, Kagera, Tanzania, utafiti uliochapishwa 2018 ulionyesha vyandarua vilivyoongezwa piperonili butoksaidi, inayozima vimeng'enya ambavyo mbu hutumia kuivunja sumu, viliwakinga watoto kuliko vya pairethroidi peke yake.

Na wanaouza pareto wasituambie ni salama kwa kuwa imetoka shambani. Nyuki na samaki huuawa na ua kama wanavyouawa na maabara.

Hata hivyo, bustani ya mboga ningeiachia pareto, na chandarua ningekiachia pairethroidi. Pareto ikipigwa jioni nyuki wakiwa wamesharudi mzingani, jua la kesho yake litakuwa limevunja sehemu kubwa ya dawa kabla nyanya hazijafika sokoni. Kikwazo ni bei, pamoja na kazi ya kurudia kupiga, na hadi sasa gharama hiyo tunamwachia mkulima peke yake.