Kamishna huondoka, faili hubaki

Nikipiga simu Bukoba huulizwa kama kweli Ulaya hakuna takataka. Zipo, tena tele. Hapa Brussels jikoni kwangu kuna mifuko minne: mweupe, wa bluu, wa njano, na wa rangi ya chungwa wa mabaki ya chakula. Wa njano ni wa kutupia karatasi, na wenyewe ni wa plastiki. Nimeacha kuuliza.

Kwa mifuko ya plastiki sisi tumewapita. Kenya ilipiga marufuku 2017, nasi Tanzania Juni 1, 2019, January Makamba akiwa waziri wa mazingira. Mama akarudia kikapu chake cha ukindu. Huku Kamishna wa Mazingira wa Umoja wa Ulaya, Janez Potočnik, alipeleka pendekezo 2013, likapita 2015 yeye keshaondoka. Na halikukataza mifuko myepesi: nchi ziliachiwa ziitoze pesa, au zishuke hadi mifuko 90 kwa mtu kwa mwaka.

Ninachowaonea wivu ni kule kupokezana. Margot Wallström, Msweden, alipokuwa Kamishna wa Mazingira, aliwahi kukubali damu yake ipimwe. Zikakutwa kemikali 28. Mwaka 2003 Tume ya Ulaya, ambamo makamishna hao hukaa, ikatoa pendekezo la sheria ya kemikali iitwayo REACH: mwenye kiwanda ndiye athibitishe kuwa kemikali yake ni salama, si serikali ihangaike kutafuta madhara. Muhula wake ukaisha 2004. Mgiriki Stavros Dimas akalipokea faili. Wenye viwanda waliilainisha, tena sana, lakini Desemba 2006 sheria ikapita. Kwetu waziri akihamishwa, moto hupoa. Likizo iliyopita nilifungiwa nyanya kwenye kifuko chepesi cha plastiki, mchana kweupe.

Ila siku hizi hata wivu wenyewe umepungua. Mwaka 2023, kipindi cha Kamishna Virginijus Sinkevičius, ilipita sheria kwamba kahawa iingiayo Ulaya ijulikane shamba ilikotoka, na shamba hilo lisiwe msitu uliofyekwa baada ya 2020. Mjomba wangu wa Kagera, mwenye migomba na mibuni iliyopandwa na babu, akapimiwa shamba na vijana wenye simu. Ilikuwa ianze kutumika mwisho wa 2024. Ikasogezwa mwaka mmoja. Akaingia kamishna mpya, Jessika Roswall, ikasogezwa tena; safari hii mfumo wa kompyuta ulisemwa utazidiwa.

Nilipomweleza, mjomba alinyamaza kidogo. "Sasa hao waliokanyaga maharage yangu wakipima," akauliza, "walikuwa na haraka ya nini?"